Manyoya yanabanduka, lawama kwa gundi: kisa cha mishale 12 ya kaboni

"Fundi, nitajie gundi moja tu, ile kali kuliko zote."

Aliyeuliza ni kijana wa klabuni, mpiga upinde wa kapi (ule wenye magurudumu na waya), na alikuja na mishale yake 12 ya kaboni. Manyoya ya kiwandani, vile vibawa vya plastiki vya nyuma ya mshale, yalikuwa yamechakaa, akayang'oa na kubandika mapya mwenyewe. Mishale 12 yenye manyoya matatu matatu ni manyoya 36, na kati ya hayo 14 yalikuwa yamebanduka au yameanza kuinuka. Alitumia supa gluu ya kawaida. Hukumu alikwisha kuitoa: gundi mbovu, inunuliwe nyingine.

Sikumtajia gundi yoyote. Nilimwomba kwanza yale manyoya yaliyobanduka, na nashukuru alikuwa ameyatunza ndani ya kopo. Wengi huyatupa palepale uwanjani, kumbe ndiyo yanayosema kilichotokea. Gundi ikiachia, lazima ibaki mahali: imebaki kwenye unyoya, imebaki kwenye uti wa mshale, au imegawanyika huku na huku. Kila hali ina sababu yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Ndiyo maana watu hubadilisha gundi mara tatu na manyoya yanaendelea kudondoka vilevile.

Uti kwanza

Kabla ya kugusa suala la gundi nilipima uti wa kila mshale. Hatua hii hairukwi kwenye kaboni, na hasa mishale ikiwa imekwanguliwa na mtu ambaye hukujua alitumia chombo gani. Unashika mshale ncha zote mbili, unaukunja taratibu kuelekea mbali na uso na mwili wako, katikati ipinde kama sentimita 3 hadi 5, unasikiliza. Kisha unauzungusha kidogo na kurudia mpaka umeumaliza mzunguko mzima. Baada ya hapo unausokota kidogo kwa mikono miwili, halafu unapitisha kipande cha pamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Kukiwa na unyuzi uliochomoza, pamba itanasa. Usipitishe kidole kitupu. Kibanzi cha kaboni kikishaingia kwenye ngozi ni chembamba, ni kigumu kukiona, na hukatika ukijaribu kukitoa.

Mshale mmoja ulilia. Ilikuwa sauti ndogo, kama chumvi inayokanyagwa, upande wa nyuma karibu na noki, kile kipande chenye mfereji kinachokaa kwenye kamba. Pamba nayo ilinasa hapohapo. Nilipoutazama kwenye mwanga niliona mikwaruzo miwili iliyokatiza uti kwa upana. Nikamuuliza alikwangua na nini. Alitumia wembe wa kukatia makaratasi, mpya kabisa, aliouelekeza chini ya unyoya kama anayemenya.

Nyuzi za kaboni kwenye uti wa mshale kwa sehemu kubwa hulala kwa urefu, zimeshikwa na resini ya epoksi. Mkwaruzo wa urefu huumiza resini tu. Mkato wa upana hukata nyuzi zenyewe, na nyuzi ndizo zinazobeba mzigo wakati kamba inaposukuma mshale na uti kupinda kabla haujanyooka. Uti dhaifu unaweza kupasuka papo hapo unapoachia, na vibanzi vyake huishia kwenye mkono ulioshika upinde.

"Lakini huu si bado mzima, fundi?"

"Kwa macho, ndiyo. Ila haupigwi tena."

Nikatoa noki na ncha yake, nikauweka kando. Baadaye ulinifaa kwa kazi nyingine, kama nitakavyoeleza. Ikabaki mishale 11.

Kukwangua manyoya ya zamani hakuhitaji makali. Kisu butu, au kile kifaa maalumu cha kung'olea manyoya, kikisimamishwa karibu wima na kuvutwa kwa urefu wa uti, huondoa gundi bila kuchimba. Kinachobaki cha supa gluu hulainishwa na kitambaa kilicholowa asetoni kidogo. Kupaka na kufuta tu, bila kuloweka. Noki itolewe kwanza, kwa sababu nyingi ni za polikaboneti na asetoni huzipasua. Moto, mvuke na kukausha kwa bomba la hewa ya moto ni marufuku kwangu: resini ikishachoka kwa joto hairudi, na kwa nje hutaona kitu.

Makundi matatu kwenye kopo

Manyoya 14 niliyapanga mezani na kuyatazama kwa lenzi ya mkono. Yalijigawa yenyewe.

Matano yalikuwa na mstari mzima wa gundi kwenye nyayo zao, yaani upande unaobandikwa, unang'aa, laini, na umechukua umbo la uti. Kwenye mshale pale yalipokuwa hapakuwa na kitu, kaboni tupu.

Mawili yalikuwa kinyume chake. Nyayo safi kana kwamba hazijawahi kupakwa gundi, na mstari wote umebaki kwenye uti.

Saba yalikuwa hayajaanguka. Yalishika katikati, lakini ncha ya mbele imeinuka, na mengine hata ya nyuma. Pembeni mwa ncha hizo gundi ilikuwa imejaa na kugeuka nyeupe kama chokaa.

Kundi jingine ambalo nililitarajia halikuwepo: gundi iliyopasuka katikati, nusu huku nusu kule. Hilo ndilo lingeweza kuishtaki gundi yenyewe, kwamba imezeeka au haina nguvu. Kwenye manyoya 14 sikuliona hata moja.

Kabla ya kuendelea niliondoa mshukiwa mwingine. Unyoya unaogonga kiegemeo cha mshale au waya wa upinde kila unapopita utabanduka hata ukishikwa na gundi ya namna gani. Lakini ukigonga, huwa ni uleule: wa juu, au wa kushoto, mshale baada ya mshale, na ukingo wake una alama ya kusuguliwa. Haya yaliyobanduka yalitawanyika kwenye nafasi zote tatu. Kwa uhakika zaidi tulipaka poda kwenye manyoya mazima, akapiga kwa karibu, tukatazama kiegemeo. Kilikuwa hakina poda. Mashtaka ya upinde yakafutwa.

Matano ya kwanza: silikoni

Gundi iliyobaki yote kwenye unyoya inasema imeushika unyoya na imeukataa uti. Uti una kitu juu yake. Nilimuuliza alisafisha na nini, naye akajibu vizuri tu: alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 99. Hakuna kosa hapo. Nikaomba kuona kitambaa.

Kitambaa kilikuwa kinakaa kwenye mfuko wa mishale. Ndicho alichofutia mishale, na ndicho alichotumia kupakia dawa ya silikoni. Anayepiga kwenye shabaha za povu anaelewa kwa nini. Mshale unaoingia kwa kasi husugua povu, joto la msuguano huliyeyusha kidogo, likiganda hushika kaboni mpaka mtu aweke goti kuuchomoa. Wengi hupaka silikoni au nta ili mshale utoke. Silikoni hufanya kazi hiyo vizuri, na hufanya kazi hiyohiyo dhidi ya gundi: haibagui povu na supa gluu. Mbaya zaidi, alkoholi haiiyeyushi vizuri. Kitambaa chenye silikoni kikichovywa kwenye alkoholi kinaisambaza tu, na kinaisambaza vizuri zaidi kuliko mkono.

Jaribio la kuthibitisha halina gharama. Mimina maji kwenye eneo la manyoya na utazame. Uti safi hubaki umefunikwa na utando wa maji usiokatika. Uti wenye mafuta, nta au silikoni huyafukuza maji, yanajikusanya kuwa matone na kukimbia. Tulijaribu kwenye mishale mitano iliyokuwa na tatizo hili na maji yakakimbia kwenye yote. Kisha kwenye mingine. Yakakimbia kwenye mingi, ikiwemo iliyokuwa bado na manyoya yote matatu. Hayo yalikuwa yakisubiri zamu yao.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba hatutabandika 14 peke yake. Mishale yote 11 itang'olewa, manyoya yote 33.

Silikoni huondolewa kwa kusugua. Unga wa kusafishia masufuria na maji, kwa sponji ngumu isiyo ya chuma, unasugua kwa urefu wa uti, unasuuza sana, unajaribu tena kwa maji. Ukiona matone, rudia. Mishale miwili ilihitaji kurudiwa hadi maji yakatulia. Mdomo wa uti uzibwe kwa utepe ili maji na unga visiingie ndani. Wapo wanaokimbilia msasa. Msasa laini sana, ukitumiwa ukiwa na maji, kwa mkono mwepesi, hauui mshale, lakini msasa juu ya silikoni huizika kwenye mikwaruzo kabla ya kuiondoa, na vumbi la kaboni si la kuvuta. Sioni sababu ya kuanzia huko wakati unga wa sufuria upo.

Alkoholi inakuja mwisho kabisa, kwa karatasi safi inayotupwa baada ya mshale mmoja. Baada ya hapo eneo lile haliguswi kwa vidole. Mafuta ya ngozi ni kidogo, ila yanatosha.

Mawili ya pili: nyayo za unyoya

Haya yalitoka pakiti tofauti. Kijana aliishiwa, akajazia kwa manyoya aliyopewa na mwenzake, laini kidogo kuliko yake. Manyoya ya plastiki hutengenezwa kwa kalibu au kwa kusukumwa kwenye tundu, na mara nyingi hubaki na utando wa kilainishi kinachozuia plastiki isigande kwenye chuma. Mengine huja na praima, ule utando wa kusaidia gundi kushika, tayari kwenye nyayo. Mengine hudai uipake mwenyewe. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye pakiti, na yeye pakiti hakupewa.

Yaliyo na praima ya kiwandani yasifutwe kwa chochote. Ukifuta unaondoa kile ulicholipia. Yasiyo na praima yafutwe nyayo kwa alkoholi kwenye kijiti cha pamba, yaachwe yakauke, yapakwe praima kama mtengenezaji anavyoelekeza. Asetoni isikaribie manyoya ya plastiki kabisa. Kuna aina inazozilainisha mpaka nyayo zinajikunja, na hapo umemaliza unyoya.

Dawa hapa ilikuwa nyepesi: manyoya ya pakiti moja kwa mishale yote. Hata ushindani unataka hivyo. Kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinadai mishale ya raundi moja ya kupiga ifanane, na manyoya yawe na mpangilio na rangi zilezile. Mshale wenye unyoya wa kuazima ungemletea maneno na mwamuzi hata kama ungeshika milele.

Saba ya mwisho: mshazari

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na ndipo ninapoona watu wengi wakipotea, kwa sababu kosa halionekani kwa macho ya kawaida.

Jigi ya kubandikia ina sehemu ya kushikia noki na kibano kinachoshika unyoya na kuulaza juu ya uti. Kibano kinaweza kukaa sambamba na uti, au kwa mshazari wa nyuzi (digrii) chache ili unyoya ukate hewa na kuuzungusha mshale. Kuna pia kibano cha msokoto, ambacho chenyewe kimepinda kuufuata mviringo. Kijana alikuwa na kibano kilichonyooka, na alikuwa amekiweka kwenye mshazari wa nyuzi 3, kwa kusikia kwamba mshazari mkubwa hutuliza mshale haraka.

Sasa fikiria mstari ulionyooka uliolazwa kwa mshazari juu ya mcheduara. Katikati unagusa. Ncha zake mbili hazigusi, kwa kuwa zimetoka juu ya mgongo wa uti na kuelekea pembeni ambako uti unashuka. Uti ukiwa mwembamba, unashuka haraka zaidi. Mishale yake ilikuwa na kipenyo cha nje cha milimita 5.6 na manyoya ya sentimita 5. Nilipiga hesabu mbele yake. Kwenye nyuzi 3, ncha ya unyoya inatoka pembeni kwa milimita 1.3, na mwanya chini yake unakuwa kama milimita 0.32. Kwenye uti mnene wa milimita 9.3, ambao ndio unene wa juu unaoruhusiwa na World Archery, mwanya huo ungekuwa karibu 0.19. Na kwenye uti wake uleule, mshazari ukishushwa hadi nyuzi 1, mwanya unabaki 0.03.

Kutoka 0.32 hadi 0.03, kwa kugeuza skrubu moja ya jigi. Hakuna gundi dukani inayoweza kukupa tofauti hiyo.

Kweli, unyoya ni laini na kibano kikikandamiza unaweza kujipinda ukagusa. Lakini ukiachia kibano unataka kurudi ulivyokuwa, na kila siku unaivuta gundi ya nchani bila kuchoka. Yeye aliona mwanya, akaujaza gundi. Hiyo ndiyo chokaa nyeupe tuliyoiona.

Supa gluu haikaushwi na hewa kama rangi. Sayanoakrileti, yaani kemikali yake, huamshwa na unyevu, ule utando mwembamba wa maji uliopo kwenye karibu kila kitu, na huganda kuanzia pale inapogusa. Harry Coover wa Eastman Kodak aliikuta mwaka 1942 akitafuta plastiki angavu ya darubini za bunduki, akaiacha kwa sababu iling'ang'ania kila kitu. Iliingia sokoni mwaka 1958 tu. Tabia iliyomkera ndiyo tunayoinunua leo, ila inataka ikae nyembamba, kati ya nyuso mbili zinazogusana. Majimaji yake hupenda mwanya usiozidi kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukiirundika, katikati inachelewa, mvuke wake unatua pembeni na kuganda kama unga mweupe, na ulichonacho ni kokoto isiyo na nguvu.

Na supa gluu ina udhaifu mwingine unaohusika hapa. Ukiivuta moja kwa moja au ukiitelezesha, ni kali. Ukiibandua kuanzia pembeni, kidogo kidogo, inaachia. Ncha ya mbele ya unyoya hubanduliwa hivyo hasa: inakutana na povu, na nyasi, na kidole cha anayechomoa mshale. Ikiwa ncha hiyo tayari inaelea, kila shabaha inaikwanyua.

Jinsi ya kulijua hili kabla ya kupaka gundi: weka unyoya mkavu kwenye kibano, ushushe juu ya uti, elekeza jigi kwenye taa na utazame kutoka upande wa pili. Mwanga ukipenya popote chini ya nyayo, rekebisha kibano. Ukimaliza geuza uti, utazame upande mwingine pia. Kwake nuru ilipenya mbele na nyuma kama mlango uliokatwa mfupi. Tulishuka hadi nyuzi 1, nuru ikakatika.

Aliuliza kama mishale itayumba. Kwa anayepiga umbali wa kawaida wa mashindano na ncha za shabaha, nyuzi 1 inazungusha vya kutosha. Anayefunga vichwa vipana vya kuwindia ana hoja tofauti, na huyo atafute kibano cha msokoto kinacholingana na unene wa uti wake, asilazimishe kilichonyooka.

Sasa gundi

Kijana alikuwa amesubiri kwa heshima mpaka hapa. Nikamwambia yale ninayoyaamini.

Gundi ya kiyeyushi, ile ya jadi ya manyoya, ni nzuri kwa manyoya halisi ya ndege na kwa plastiki za zamani za vinili. Inabaki na unyumbufu, na siku ya kung'oa haikusumbui. Tatizo lake kwenye kaboni ni subira. Kiyeyushi lazima kitoke, na kaboni hainywi kitu, wala plastiki. Dakika 10 kwenye kibano kwa kila unyoya, mara 33, kwa jigi yenye kibano kimoja, ni saa tano na nusu za kukaa hapo, halafu saa 24 kabla ya kupiga. Zaidi ya hayo, plastiki kadhaa za siku hizi haizikubali.

Epoksi ya kuchanganya inashika, tena sana. Inashika mpaka siku ya kubadilisha unyoya unakwangua kwa hasira, na tumeshaona hasira inafanya nini kwenye kaboni. Inaongeza uzito nyuma bila faida. Kwa manyoya siipendekezi.

Gundi ya kuyeyusha kwa moto ina kazi yake, nayo ni kwenye ncha za mbele: ya joto la chini, na unapasha ncha, hupashi uti. Kwenye manyoya haina nafasi.

Utepe wa gundi pande mbili ni wa manyoya ya plastiki nyembamba iliyojikunja, yale wanayopenda wapiga shabaha wa Olimpiki, na hata kwa manyoya ya ndege unafaa, mradi kila ncha ipate tone la supa gluu au kifungo cha utepe. Kwa manyoya yake ya plastiki nene sikuona haja.

Imebaki supa gluu. Ndiyo, ileile aliyokuwa ameihukumu. Nilichobadilisha ni kwamba iwe ya uzito wa kati na si ile inayotiririka kama maji, na ikipatikana iliyochanganywa mpira ndani yake ni bora, kwa kuwa inavumilia zaidi kubanduliwa na mtikisiko. Iwe mbichi. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa kwenye mfuko wa mishale ndani ya buti la gari lenye joto imeanza kuganda yenyewe hata kama bado inamiminika. Isiyofunguliwa hukaa vizuri kwenye jokofu, ila iachwe ifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande utaingia ndani. Dawa ya kuharakisha kuganda, ile ya kupulizia, nisingeitumia. Inafanya mshiko kuwa mkavu na wa kuvunjika.

Mtu anaweza kuuliza: kama gundi ni ileile, hayo yote ya nini? Nadhani manyoya yale 14 yalijibu.

Kubandika

Kazi yenyewe ilikwenda haraka kuliko uchunguzi. Mstari mmoja mwembamba wa gundi kwenye nyayo, unyoya wa sentimita 5 hauhitaji zaidi ya huo, unashushwa mara moja bila kuusogeza huku na huku, unabanwa kama sekunde 20 hadi 30. Nyuma ya unyoya tuliiacha kama sentimita 2.5 kutoka kwenye mfereji wa noki, sawa kwa yote, kwa kutia alama kwenye kibano. Unyoya wa rangi tofauti ulikaa kwenye nafasi yake dhidi ya noki kabla ya mingine miwili kufuata kwa nyuzi 120. Yote matatu yakishakaa, tone dogo mbele na tone dogo nyuma, lisambazwe na kijiti mpaka lifanye mteremko kutoka kwenye uti kuja kwenye nyayo. Tone la mbele lina thamani kuliko mstari wote uliobaki. Povu likija, linapanda mteremko badala ya kukuta ukingo.

Tone, nasema, si donge. Unyoya wa aina yake una kama gramu 0.4. Madonge ya gundi yasiyolingana huko nyuma hufanya mishale itofautiane uzito na mizani, na mpiga wa umbali mrefu ataiona tofauti hiyo kwenye shabaha kabla hajaiona kwenye mizani.

Dirisha liwe wazi, macho yalindwe, na supa gluu isidondokee kwenye nguo au pamba: kwenye nyuzi za pamba hupata moto wa kuunguza ngozi.

Hapa ndipo ule mshale wa 12 ulipofaa. Tuliusafisha kama wenzake na kuubandika unyoya mmoja kwa njia ileile, tukauacha hadi kesho yake. Akaushika unyoya kwa koleo na kuuvuta kuanzia ncha ya mbele, kwa ukatili, kwa ruhusa yangu. Plastiki ilichanika. Nyayo zilibaki kwenye uti. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Kidole kinachosukuma unyoya mara moja na kusema "umeshika" hakijapima kitu. Baada ya hapo uti ule ulikatwa vipande ili asije mtu akauokota na kuupiga.

Silikoni hatukumkataza. Alihamia nta ya mche, anaipaka nusu ya mbele ya uti tu, na kitambaa chake hakikutani na vifaa vya kubandikia. Robo ya nyuma ya mshale inabaki kavu siku zote.

Tangu hapo unyoya mmoja umebanduka. Mshale ulipita pembeni ya shabaha ukagonga fremu ya mbao. Aliniletea vipande vyote viwili bila kuambiwa, akiwa ameshausoma mwenyewe: gundi nusu iko kwenye uti, nusu kwenye unyoya, imepasuka katikati. Tukaupima uti kwa kuukunja, ukanyamaza. Tukabandika mmoja, kwa chupa ileile.